Kijana asiye na mtaa kwenye daftari la kanisa

Ukiacha kufundisha historia ya Kanisa, kazi ninayoipenda kuliko zote ni kusoma madaftari ya parokia: ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko. Ni kazi ya vumbi, na mchwa wa Dodoma hawachagui karatasi takatifu. Lakini ukitulia nayo, vizazi vinapita mbele yako kwa majina tu. Kurasa za zamani zimejaa akina Yohana, Danieli, Mika na Yona, baba zao wakiwa na majina ya Kigogo matupu. Ukifunua mbele wanaingia akina Stanley na Godfrey. Kurasa za juzi ni Gift, Brighton na Precious. Bibi mmoja niliyemkuta akimleta Precious kubatizwa hakuweza kulitamka jina hilo. Alimwita Pulesha, na mtoto akaitika.

Majina hayanisumbui. Kinachonisumbua ni pengo. Mtoto aliyebatizwa utamkuta tena kwenye kipaimara, akiwa na miaka kumi na kitu. Mtafute kwenye daftari la ndoa, humwoni. Kwenye maziko hayumo pia, kwa hiyo yu hai mahali fulani.

Wazee wa kanisa wana jibu lao: "Ujana huo, wakioa watarudi." Jibu hilo si la kupuuzwa. Sisi tunaochunguza mambo haya tunatenganisha athari ya umri na athari ya kizazi. Ya umri ni kama homa ya ukuaji: kijana anatoroka ibada akiwa na miaka 20, akifika 35 ana watoto, anarudi kukaa benchi lilelile la baba yake. Ya kizazi ni tofauti. Waliozaliwa wakati fulani wanalelewa katika mazingira yao, na wanazeeka na tabia zao. Hawarudi popote kwa sababu hawakuwahi kuwemo. Uingereza ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2005 watafiti David Voas na Alasdair Crockett walionyesha kwamba huko wazazi wawili wenye dini wana nafasi kama nusu kwa nusu tu ya kumrithisha mtoto dini yao, ilhali wasio na dini karibu wote wanamrithisha kutokuwa nayo. Makanisa yalipungua bila ugomvi wowote. Wazee walizikwa, na waliopaswa kukaa mahali pao hawakuwa na habari.

Wahubiri wetu wengi wakisikia hayo wanaingiwa na hofu, kisha wanailaumu simu. Nadhani wanakosea. Nenda Ng'ong'ona, pale jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, jioni yoyote, usikilize. Vijana wanaomba mpaka sauti zinakauka. Waliotoka UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo wa sekondari, wanaingia vyama vya wanafunzi Wakristo vya chuoni kama USCF au CASFETA, wanaongoza sifa, wanafundishana Neno, wanachangishana nauli ya misheni. Imani ipo. Pengo langu la daftarini haliwahesabu hao, kwa sababu daftari letu linahesabu kaya, na kijana si kaya.

Hapa naomba nikae kidogo. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ikaundwa 1927. Lakini kanisa tunalolijua leo, la mitaa, yaani vitengo vya parokia, na jumuiya za nyumba kwa nyumba, limeiva baadaye sana. Miaka ya mwanzo ya 1970 Wagogo wengi walihamishwa kutoka kwenye kaya zilizotawanyika wakakusanywa kwenye vijiji. Katika muongo huohuo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo, na makanisa mengine nayo yana mfumo unaofanana na huo. Ulifaa kabisa: watu wamekaa, nyumba inajulikana, mwenyekiti wa jumuiya anajua nani ana mgonjwa na nani amefiwa. Kadi ya mshirika na bahasha ya ahadi vinamfikia baba mwenye nyumba, na wengine wote wamo humo ndani.

Sasa mchukue kijana wa kijijini Mvumi aliyepanga chumba Nkuhungu, mjini Dodoma. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 kwenye sensa ya 2012. Ya 2022 ikakuta 3,085,625. Humo kati Serikali ilihamia. Mafundi, bodaboda, walinzi, makarani wapya, wote wamepanga. Jumuiya inakutana asubuhi, yeye yuko kazini. Akienda anakuta Mama Fulani na Baba Fulani, yeye hana mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Anaulizwa barua ya utambulisho kutoka kwao. Hana. Jumapili ya pili anaenda kwenye kanisa la maombezi lililo karibu na kituo cha daladala, ambako hakuna anayemuuliza barua.

Halafu ile ndoa ambayo wazee wanaisubiri. Ndoa ndiyo ilikuwa mlango wa kurudi, na mlango huo tumeupandisha bei. Mahari, kamati, kadi za michango, ukumbi, suti. Anaanza kuishi na mwenzake "kwanza", mtoto anazaliwa, na kuanzia hapo amezuiwa Meza ya Bwana. Nimeona parokia zikifungisha ndoa za pamoja, jozi nyingi asubuhi moja, wengine watoto wao wakiwa wamewashika mkono. Watu walicheka sana siku hiyo, na mimi nililia. Kwa maoni yangu hilo limerudisha watu wengi kuliko semina zote za vijana nilizowahi kualikwa.

(Kuhusu muziki nitasema kidogo tu, maana tumeshagombana vya kutosha. Mzee anayechukia kinanda leo huenda alilelewa na watu wa Uamsho, lile vuguvugu la kiroho lililotoka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930 likaja huku. Nao walikuwa vijana wakorofi: waliungama dhambi hadharani, wakawakemea hata makasisi.)

Mwaka huu nilikuwa kijijini kwenye sadaka ya mavuno. Baada ya ibada, mnada chini ya mbuyu: kuku, karanga, maboga. Likatolewa debe la uwele. Binti mmoja akasimama, simu sikioni, anapandisha bei kwa sauti ya mtu mwingine. "Kaka anasema elfu ishirini na tano!" Mzee mmoja akaongeza, simu ikaongeza, watu wakashangilia kana kwamba wanamwona. Debe likaenda kwa simu. Pesa ikaingia kwa mtunza hazina kabla kuku anayefuata hajashikwa, na debe likabebwa kwa mama mjane aliyetajwa na yule kaka.

Katibu alikuwa mezani na daftari lake. Akaandika jina, akaandika kiasi, kalamu ikasimama kwenye safu ya tatu. Akanigeukia.

"Mwalimu, huyu nimwandike mtaa gani?"