Hapana, simu haitakiwi "kutafuta njia nyingine" tu

Kila mwaka mpya na kila Idd ikipita naulizwa swali lile lile, na safari hii aliyeniuliza ni mhandisi mwenzangu, ila mimi ni wa mitandao ya simu na yeye wa barabara: "Njia moja ikijaa, kwa nini simu zisizungushwe kwingine? Si mna kompyuta?" Akaongeza kwamba hata ramani iliyomo kwenye simu yake inajua kukwepa foleni. Nimelijibu hili kwa upole muda mrefu. Sasa naliandika, ili mwingine akiuliza nimtumie kiungo mimi niendelee na chai yangu.

Kwanza tuliondoe hilo la barabara. Gari likikuta foleni linasubiri, na likishapita kipande cha barabara, kipande kile kinabaki kwa wengine. Simu ya sauti kwenye mtandao wa saketi haiko hivyo. Ukiongea dakika nne, umeshika chaneli moja katika kila kipande cha njia kwa dakika zote nne, hata ukinyamaza, hata ukienda kumfungulia mgeni mlango. Na foleni hakuna: chaneli ikikosekana, simu inafia hapo hapo.

Sasa chukua karatasi uchore pembetatu. Vituo vitatu vya kuunganishia simu, A, B na C, na kati ya kila viwili kuna tranki 10, yaani chaneli za kati ya vituo, kila moja ikibeba simu moja kwa wakati. Kila simu ikienda moja kwa moja, mtandao mzima unabeba simu 30 kwa wakati mmoja. Halafu zungusha zote: anayetoka A kwenda B apitie C, anayetoka B kwenda C apitie A, na wa tatu vivyo hivyo. Kila simu inakula tranki mbili, na tranki ni zile zile 30. Unabaki na simu 15. Hakuna kilichoharibika, hakuna mkonga uliokatwa na greda. Umebadilisha uelekezaji tu, na nusu ya mtandao imeondoka.

Najua utasema hakuna mwendawazimu anayezungusha simu zote. Kweli, hakuna anayekaa akaamua hivyo, lakini mtandao unafika huko wenyewe. Njia ya A hadi B ikijaa, simu moja inapitia C na kuchukua tranki moja ya A–C na moja ya C–B. Muda si mrefu mtu wa A anayemtaka mtu wa C anakuta pamejaa, naye anazungushwa kupitia B, anakula mbili. Mtu wa C anayemtaka wa B naye hivyo hivyo. Kila aliyezungushwa anasababisha wawili wengine wazungushwe. Watafiti wa Japani na wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, walilichambua jambo hili miaka ya 1970 na 1980, na matokeo yake yananisumbua hadi leo: kwa wingi ule ule wa simu, kwa vifaa vile vile, mtandao unaweza kukaa katika hali mbili tofauti. Katika hali moja karibu kila mtu anapita moja kwa moja na wanaokataliwa ni wachache. Katika nyingine karibu kila mtu anazungushwa na wanaokataliwa ni wengi. Ukishatumbukia kwenye hii ya pili, kupungua kidogo kwa simu hakukutoi. Lazima zipungue sana.

Kwa hiyo siyo kwamba hatukufikiria kuzungusha simu. Kuzungusha ni jambo la zamani. Sehemu kubwa ya uvumbuzi uliofuata ilikuwa ya kujua lini uache.

Historia nitaipitia haraka. Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alipata hataza ya swichi ya kujiendesha, yaani mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, mwaka 1891, na hapo maopereta wakaanza kuondoka mezani taratibu. Agner Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu zake mwaka 1909 na 1917, na kila kitu tunachofanya kinakaa juu ya hizo. Erlang moja ni tranki moja iliyoshikwa saa nzima. Tranki 10, ukitaka simu moja tu katika 100 ikataliwe, zinabeba erlang 4.46. Tranki 100 katika kundi moja, kwa masharti yale yale, zinabeba erlang 84. Siyo 44.6, ni 84. Hapa ndipo hamu ya kuzungusha simu ilipoanzia: makundi madogo yaliyotengana yanapoteza nafasi nyingi, basi na yasaidiane. Wazo ni zuri kabisa, mradi mtandao haujajaa.

Marekani miaka ya 1950 walipoanza kumruhusu mteja apige masafa marefu mwenyewe, walipanga vituo kwa ngazi tano. Simu ilijaribu tranki ya karibu kwanza, ikikosa inapanda ngazi. Mpangilio mgumu kama jeshi, lakini uliwakinga na balaa ya pembetatu, kwa sababu njia za kuzunguka zilikuwa zimepangwa kwa utaratibu na mwisho wake unajulikana. Mwaka 1984 watu wa kampuni ya simu ya AT&T wakaanza kuziondoa ngazi, na kufikia 1987 kazi ilikwisha. Badala yake vituo vikubwa vikawa sawa kwa sawa, kila simu ikiruhusiwa kuvuka vipande viwili tu, na orodha ya njia ikibadilika kwa saa. New York ikiwa na kazi saa tatu asubuhi, Los Angeles ni saa kumi na mbili, watu wanapiga mswaki. Tranki za magharibi ziko wazi, basi mpigaji wa mashariki azunguke huko.

Hili la saa nalisema kwa makusudi, maana limeniponza kwenye vikao. Mtu anasoma habari za Marekani kisha anataka tulinakili huku. Kigoma na Dar es Salaam saa ni moja. Mombasa na Kisumu saa ni moja. Sote tunachangamkia simu wakati mmoja na kulala wakati mmoja. Ule utamu wa tofauti ya saa tatu kati ya pwani mbili hatuna, na hakuna programu ya kuununua.

Uvumbuzi ninaoupenda kuliko wote ni wa Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Richard Gibbens na Frank Kelly wa Cambridge pamoja na Peter Key wa British Telecom walipendekeza utaratibu ambao ukiusikia unaweza kudhani ni mzaha. Kila kituo, kwa kila kituo kingine kinakopeleka simu, kinakumbuka kituo kimoja tu cha kupitia. Simu inajaribu moja kwa moja. Ikikosa, inajaribu kupitia kile kituo kimoja. Ikipita, kituo kinaendelea kukumbukwa. Ikikosa, simu inakataliwa, na kituo kingine kinachaguliwa kwa bahati nasibu kwa ajili ya simu ijayo. Basi. Hakuna kompyuta kuu inayokusanya taarifa za nchi nzima, hakuna vituo kuulizana hali. Kanada walikwenda upande mwingine, wakawa na kompyuta ya kati inayopokea hali ya vituo kila sekunde 10. Nayo ilifanya kazi. Lakini utaratibu wa Waingereza unajifunza wenyewe: njia nzuri hudumu kwa sababu haikosi, mbovu huachwa kwa sababu imekosa. Na angalia kipengele ambacho wengi hukiruka: simu iliyokosa njia ya pili haijaribiwi ya tatu. Inakufa. Kufa kwake ndiko kunakoufundisha mtandao.

Kitu kinachouwezesha mpango huo kusimama ni hifadhi ya tranki, na hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo watu wanaponikasirisha.

Sema kundi lina tranki 100, na hifadhi ni 5. Simu ya moja kwa moja ikija, inachukua tranki yoyote iliyo wazi, hata ya mwisho. Simu ya kuzunguka ikija inaulizwa: zilizo wazi zinazidi 5? Hazizidi? Rudi ulikotoka. Maana yake kuna wakati tranki 5 ziko tupu, zinakodolewa macho, na mteja aliyelipa pesa yake anakataliwa. Meneja mmoja aliona hivyo kwenye skrini akaagiza hifadhi iwe sifuri. "Tunaacha pesa mezani," alisema. Siku za kawaida hakuna kilichotokea, naye akajiona shujaa. Hifadhi haina kazi siku za kawaida. Kazi yake ni usiku ule mmoja, ambapo inaizuia simu moja inayokula tranki mbili ili simu mbili zinazokula moja moja zipite. Ni hiyo tu inayoufanya mtandao usiteleze kwenye ile hali mbaya, na haihitaji tranki nyingi. Kwa kundi la mia, idadi iliyo chini ya kumi kwa kawaida inatosha.

Sasa niseme ambalo vitabu hulipitia kimya kimya. Michoro yao ina vituo vinavyofanana, tranki sawa kila upande. Mtandao wa kweli una mji mkubwa wenye kundi nene na mji mdogo wenye tranki chache za moja kwa moja, unaotegemea kuzungushwa. Hifadhi ikianza kufanya kazi, wa mji mdogo ndiye anayekataliwa kwanza. Jumla ya simu zinazopita inapanda, ripoti inapendeza, na kuna wilaya nzima ambayo usiku huo haikuweza kupiga nje. Sina jibu safi. Unaweza kuwapa hao hifadhi yao, lakini kila unayempa haki ya pekee unamnyang'anya mwingine. Na ile namba 5 yenyewe, ukiuliza imetoka wapi, mara nyingi utaambiwa ilikuwepo tangu swichi inafungwa.

Halafu kuna upande ambao hauhusu tranki kabisa. Kompyuta ya swichi inatumia nguvu kwa kila jaribio kabla haijajua kama simu itapita. Wakija wengi mno inaanza kazi nyingi na kumaliza chache. Erna Hoover wa Bell Labs ndiye aliyeliwekea mfumo: programu inayopima mzigo wa kompyuta na kupunguza kasi ya kupokea simu mpya ili zilizoanza zimalizwe. Michoro ya kwanza aliichora akiwa hospitalini baada ya kujifungua binti yake wa pili, na hataza ilitoka Novemba 1971. Tena wazo ni lile lile: kataa mapema.

Kataa mapema, na kataa karibu na anayepiga. Kipindi cha redio kikisema mpigaji wa kumi anapata zawadi, studio ina laini chache na wasikilizaji ni maelfu. Ukiziacha simu zote zisafiri hadi mlangoni mwa studio zikute pamejaa, zitakuwa zimeziba tranki za wenye shida zao. Ndiyo maana vituo huwekewa kikomo: kwenda namba ile, ruhusu moja kila baada ya muda fulani, nyingine ziue huko huko zilikotoka. Simu za mkononi zina kitu cha jamii hiyo. Laini yako imeandikiwa daraja moja kati ya 0 na 9, na mnara ukielemewa unaweza kuyasimamisha baadhi ya madaraja kwa muda. Simu ya jirani yako ikishika na yako isishike, mkiwa mmekaa benchi moja na mtandao mmoja, hiyo inaweza kuwa sababu. Hakuna anayekuonea. Madaraja ya 11 hadi 15 ni ya kazi maalumu, ikiwemo huduma za dharura.

Kinachobaki kunisumbua ni wanaorudia kupiga. Hesabu za Erlang zinachukulia kwamba aliyekataliwa anaondoka zake. Nani anaondoka zake saa sita usiku wa mwaka mpya? Anabonyeza tena kabla sauti ya "mteja unayempigia" haijaisha. Kwenye skrini unaona safu ya majaribio inapanda na safu ya zilizojibiwa imetulia, hilo ni la kawaida. Safu ya zilizojibiwa ikianza kushuka huku majaribio yanapanda, hapo watu wanaacha kutaniana kwenye chumba cha kusimamia mtandao. Na safu hizo hazikuambii kama majaribio elfu kumi ni watu elfu kumi au watu elfu moja wenye hasira. Ili ujue lazima ufungue kumbukumbu za simu namba kwa namba, kazi ya siku kadhaa, na ukimaliza sikukuu imeshapita na anayetoa bajeti ya tranki za mwaka huu amekwisha kuisaini.