Nimeweka plagini, mbona haionekani?

Tangu nianze kuhariri picha za harusi na za ruracio, sherehe za mahari za Wakikuyu, hapa Nairobi, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hilo. Mwezi uliopita aliyeuliza ni kijana aliyepanda ngazi hadi chumba chetu River Road, laptopu kwapani na flashi diski mkononi. Alikuwa ameuziwa “pakiti ya plagini mia tano”, akaimwaga yote kwenye folda ya Photoshop, akafungua programu na kukuta menyu iko vile vile. Alidhani mashine yake ndiyo imechoka. Tulipoifungua ile flashi pamoja hatukukuta plagini hata moja.

“Chochote kinachobadilisha rangi ni plagini”

Mkanganyiko mwingi unaanzia hapa. Plagini, ambayo vitabu huiita programu-jalizi, ni programu yenye mahesabu yake yenyewe, ila haisimami peke yake. Inaingia ndani ya programu mwenyeji, inapokezwa pikseli za picha, inazifanyia kazi, kisha inazirudisha. Kwenye Windows, filta za jadi za Photoshop utazitambua kwa faili zinazoishia na .8bf.

Kijana yule alikuwa na vitu vya aina tatu. Faili za .atn ni hatua zilizorekodiwa, ambazo Photoshop huzirudia moja baada ya nyingine kama alivyozifanya aliyezirekodi. Faili za .xmp ni mipangilio ya slaida (vitelezi vya kurekebishia) tu kwa ajili ya Lightroom na Camera Raw, programu za kurekebisha picha: mwangaza uwe kiasi hiki, vivuli kiasi hiki. Na faili za .cube ni jedwali la rangi linalosema rangi hii ikiingia, itoke ile. Vyote ni vya halali na vina manufaa, lakini kila kimoja kina mlango wake, na hakuna hata kimoja kinachoingilia kwenye folda ya plagini. Tulivipitisha kila kimoja mlangoni pake na jioni hiyo hiyo akaondoka navyo vikifanya kazi. Kilichoniuma ni kwamba alilipia jina, na hakuna aliyemweleza ananunua nini.

“Ukishanakili faili, kazi imeisha”

Programu nyingi husoma folda ya plagini wakati zinafunguka. Kama uliinakili huku Photoshop au GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, iko wazi, funga kabisa kisha ufungue upya. Hilo ni jepesi. Gumu ni pale plagini na programu zisipolingana kwa umbo. Photoshop iliacha toleo la biti 32 kwenye Windows mwaka 2018, na programu ya biti 64 haiwezi kupakia plagini ya biti 32, hata uinakili mara kumi. Faili za zamani zinazopitishwa kwenye flashi mjini nyingi ni za enzi hizo.

Kwa watu wa GIMP, mwaka 2025 ulileta badiliko lililowashika wengi bila habari. GIMP 3.0 ilitoka Machi mwaka huo, na plagini zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi humo mpaka mtengenezaji wake aziandike upya. Tena, katika 3.0 kila plagini lazima ikae ndani ya folda yake yenye jina lile lile la faili. Ukiitupa faili peke yake kama tulivyozoea, GIMP itaipita kama haipo. Kwenye Linux kuna sharti jingine: faili ipewe ruhusa ya kuendeshwa. Njia ya folda yenyewe usiikisie. Fungua mapendeleo ya GIMP, sehemu ya folda, utaiona imeandikwa.

Na ikiwa filta inaonekana lakini jina lake limefifia, halibofyeki, usakinishaji wako hauna kosa. Tazama hali ya picha. Filta kadhaa za Photoshop hukataa picha ya CMYK (rangi za wino wa kuchapia), nyingine hukataa picha yenye kina cha rangi cha biti 16. Geuza nakala iwe RGB (rangi za kioo) ya biti 8 na jina litaamka.

“Nzuri ni za kununua, na asiye na pesa atafute iliyovunjwa”

G'MIC, plagini yenye filta nyingi, ni ya bure kabisa. Ilianzishwa mwaka 2008 katika maabara ya GREYC huko Caen, Ufaransa, na ina filta zaidi ya 500 zinazoingia moja kwa moja kwenye GIMP. Ningemshauri anayeanza amalize mwezi mzima humo kabla ya kutoa hata shilingi.

Nik Collection, mkusanyiko wa plagini za picha, nayo ina historia inayoeleza kwa nini watu hubishana kama ni ya bure au la. Google iliinunua kampuni ya Nik Software mwaka 2012, ikaifanya Nik Collection kuwa ya bure Machi 2016, kisha mwaka 2017 ikaiuza kwa DxO ya Ufaransa, ambao matoleo yao mapya ni ya kulipia. Kwa hiyo anayesema alipakua bila malipo na anayesema alilipa, wote wawili wanasema kweli.

Kuhusu zilizovunjwa, yaani za kulipia zilizoondolewa kufuli la leseni, naomba msomaji anisikilize. Maelekezo yanayokuja nazo karibu kila mara huanza na “zima antivirasi kwanza”. Fikiria ni nani anayekuomba uondoe mlinzi langoni kabla hajaingia. Kompyuta ya mpiga picha ina nyuso za watu, picha za watoto wao, nakala za vitambulisho vya maombi ya pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu hivyo vyote kuwa data binafsi, na wewe unayevihifadhi kwa kazi yako ndiye unayepaswa kuvilinda.

“Plagini itaokoa picha”

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu cha kati. Bibi harusi akisimama na gauni jeupe limejaa fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso za watu weusi zinazama gizani. Mpiga picha anasema, “Nitarekebisha na plagini.” Kama alipiga RAW, faili ghafi ya kamera, ana nafasi: biti 14 ni viwango 16,384 kwa kila rangi. Kama alipiga JPEG, ana viwango 256, na vile vya gizani ni vichache mno. Ukivivuta juu, chembechembe zinatoka na ngozi inakuwa ya majivu. Upande wa pili nao una ukuta wake. Lesi ya gauni iliyoungua mpaka nyeupe tupu haina chochote cha kurudishwa. Zipo zana za akili mnemba zinazoijaza, lakini zinabuni lesi nyingine, wala hazijui ile iliyoshonwa.

“Ngozi ikiwa laini na nyeupe, ndiyo picha imetoka”

Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote. Miaka michache iliyopita familia moja ililetea studio picha ya nyanya yao kwa ajili ya kitabu cha mazishi. Nilipitisha plagini ya kulainisha ngozi kwa mipangilio yake ya kiwandani, bila kuigusa, nikachapa. Binti yake aliishika ile karatasi muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, umemtoa mama kovu la kuni.” Lilikuwa kovu dogo juu ya nyusi, alilolipata akiwa msichana, na wajukuu wote walikuwa wakiligusa. Mashine ililiona kama uchafu. Niliichapa upya usiku huo huo, kutoka kwa faili asili.

Mipangilio ya kiwandani ina historia. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha “sawa”. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mazoea hayo hayakufa na filamu. Filta nyingi za “urembo” bado huanza kwa kuinua mwangaza na kupunguza joto la rangi, na ngozi ya kahawia ikifanyiwa hivyo inapoteza wekundu wake na kugeuka kijivu. Zile zinazolainisha huua mng'ao wa paji la uso na mashavu, na kwa ngozi nyeusi mng'ao huo ndio unaochora umbo la uso.

Kwa hiyo mimi huiweka efekti kwenye tabaka (layer) lake juu ya nakala, nashusha nguvu mpaka thuluthi, kisha naifuta kwa barakoa (mask) sehemu zote za ngozi na kuirudisha kidogo kidogo. Nakuza mpaka asilimia 100 na kulinganisha na asili. Kipele cha wiki hii nakiondoa. Kovu, mwanya, chale na doa la kuzaliwa naviacha mpaka mwenye uso aseme.

“Ukikosea utarudi nyuma tu”

Ukihifadhi na kufunga, hapana. Photoshop CS3 ya mwaka 2007 ilileta filta zinazoweza kufunguliwa tena baadaye, ila lazima ugeuze tabaka kuwa Smart Object, tabaka linalohifadhi picha asili ndani yake, kabla ya kuitia filta. GIMP 3.0 inafanya hivyo kwa filta zake yenyewe, lakini plagini za nje kama G'MIC bado hubadilisha pikseli papo hapo. Rudufu tabaka kwanza.

Na plagini za kompyuta haziingii kwenye programu za simu. Anayekuuzia hizo za simu anakuuzia kitu kingine.

“Kadiri slaida inavyokwenda kulia, ndivyo picha inavyopendeza”

Oktoba miti ya jacaranda inapochanua, kila mtu anataka mchumba wake chini ya maua yake ya zambarau. Kwenye kioo rangi inakubali kusukumwa. Kwenye karatasi haikubali, kwa sababu zambarau kali iko nje ya rangi ambazo wino wa CMYK unaweza kuzitoa, na maua yanatoka yamefifia, yamejaa bluu. Picha hizo huwa nachapa kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 15, nakipeleka dirishani na kukitazama kwa mwanga wa mchana pamoja na mteja. Mara nyingi tunarudisha slaida kushoto, tunachapa kipande cha pili, na hapo ndipo naagiza ile kubwa.