Nishati isiyoongeza gesijoto: Mwanza ianzie wapi?

Nchi huhesabiwa kuwa na mfumo wa nishati usioongeza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia kama hewa ukaa, pale ambapo kiasi kinachotoka kwenye mitambo, magari na majiko yake hakizidi kile kinachofyonzwa na misitu na ardhi. Nchi nyingi za viwanda, katika kutekeleza Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, zimeanza kwa kufunga mitambo ya makaa ya mawe. Kwetu hesabu ni nyingine, na mjadala unaoishia kwenye mitambo ya umeme, kwa maoni yangu, unaacha nje sehemu iliyo kubwa zaidi.

Umeme wa gridi tayari unategemea sana maji: Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, na Rusumo, kwenye Mto Kagera, inatoa megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Kwa kuwa maji hupungua wakati wa ukame, gesi asilia itaendelea kuhitajika kwa muda, huku umeme wa jua, kama ule wa Kishapu, ukiongezwa.

Jikoni, katika mitaa ya Mwanza kama Igoma au Buhongwa, bado ni mkaa. Tanuri la udongo la kuchomea mkaa hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya mti kabla gunia halijafika sokoni, na mti usiopandiwa mwingine hauna tena wa kufyonza hewa ukaa iliyotoka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mtungi wa gesi utasaidia, ingawa nao ni zao la mafuta na gesi ya ardhini. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya yuniti moja. Kikwazo ni kwamba mteja wa LUKU aliye kwenye bei nafuu, yenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, akihamishia mapishi yote kwenye umeme anaweza kuuvuka na kutozwa bei ya juu. Ukomo huo unastahili kuangaliwa upya.

Ziwani, wavuvi wengi wa dagaa wameacha karabai na kuchukua taa za sola bila kusubiri kanuni, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yakila mapato yao kila usiku. Wabanikaji wa samaki bado wanatumia kuni, na wao wanahitaji majiko sanifu pamoja na mikopo ya kuyanunulia.