Ubuyu wa Dodoma: yasemwayo sokoni na ukweli wake

Kiangazi kikishika, Soko la Majengo hujaa ubuyu: mabuyu mazima yenye ganda la vinyweleo, mbegu zilizovaa unga wake, unga uliochekechwa, na ule mwekundu wa kumung'unya. Maneno ya wauzaji unapewa bure.

“Ubuyu unaongeza damu.” Hili ndilo linalonisumbua zaidi, maana lina nusu ya ukweli. Binti wa jirani yangu, mjamzito wa miezi sita, aliacha vidonge vya damu alivyopewa kliniki kwa sababu vilimchafua tumbo, akahamia kwenye jagi la ubuyu kila alasiri. Ubuyu hauna madini ya chuma ya kutosha kushika nafasi ya vidonge vile. Ulichonacho ni vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye vyakula vya mimea. Ugali wa uwele kwa mlenda, chakula cha Mgogo, una chuma, ila nafaka hukibana kisifyonzwe vizuri. Glasi ya ubuyu ikinywewa na mlo huo inasaidia. Ikinywewa alasiri tumbo tupu, inasaidia nini? Chai ya rangi mara baada ya kula nayo huharibu. Yule binti alirudi kliniki, akashauriwa kumeza kidonge usiku, na ubuyu wake akaruhusiwa kuendelea nao.

“Ukiuchemsha ndiyo unakolea.” Unakolea, lakini vitamini C haivumilii moto. Chemsha maji, yaache yapoe yawe ya uvuguvugu, ndipo uloweke mbegu. Koroga kwa mwiko mpaka zibaki tupu, kisha chuja.

“Kunywa mwingi upone haraka.” Gramu 100 za unga mara nyingi huwa na vitamini C miligramu 150 na kuendelea, ilhali chungwa la uzito huo lina kama 50. Sasa, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani mtu mzima anahitaji miligramu 45 tu kwa siku. Vijiko vichache vya chakula vinatosha, na ziada unaikojoa. Nyuzinyuzi zake nyingi zitakujaza gesi kabla hujamaliza jagi.

“Unatibu presha, achana na vidonge.” Usithubutu. Ubuyu una potasiamu nyingi. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa za presha kama enalapril na losartan, potasiamu inaweza kumpanda mwilini hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Huyo amuulize daktari kwanza.

“Mwekundu ndio wa asili.” Hakuna mbuyu unaozaa ubuyu mwekundu, si Mpwapwa wala Zanzibar. Ni rangi, sukari na iliki. Mtamu, sikatai, lakini mwenye kisukari asijidanganye kwamba anakula tunda.

“Mafuta yake kijiko kimoja kila asubuhi.” Mafuta ya mbegu yasiyosafishwa yana aina ya asidi za mafuta ambazo, kwa wanyama wa maabara, zimeonekana kuvuruga namna mwili unavyotumia mafuta. Mwezi uliopita nilimuuliza mama muuzaji kama chupa yake ni ya kupaka au ya kunywa. “Yote mawili, mwanangu,” akanijibu bila kupepesa. Nilinunua. Upepo huu wa Dodoma umenipasua visigino, na hapo ndipo yanapoishia.