Asilimia 10 ya Watu, Kwa Hesabu Ipi?

Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya kutathmini mradi, zimekuja tena na sentensi ileile: sampuli (watu watakaochaguliwa kuhojiwa) isipungue asilimia 10 ya walengwa. Hazisemi tathmini inataka kujua nini, kwa usahihi gani, wala kama matokeo yatahitajika kwa kila wilaya. Asilimia 10, basi, kana kwamba ilipitishwa bungeni.

Haya, tuitumie. Mradi una walengwa 400, kwa hiyo tunawahoji 40. Nusu yao wanasema wamepata huduma. Hata kama uchaguzi ulikuwa wa nasibu safi kabisa, kama wa bahati nasibu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 35 na 65. Hapo hujapima kitu, umetembeza madodoso tu. Sasa chukua mradi wa watu milioni 2: asilimia 10 ni watu 200,000. Nani atawasimamia wahojaji hao wote? Makosa ya kujaza dodoso yatakuwa makubwa kuliko kosa la sampuli ulilokuwa unalikimbia.

Kinacholeta usahihi ni idadi ya watu uliowahoji. Sehemu yao katika jumla ina uzito mdogo sana, isipokuwa jumla yenyewe ikiwa ndogo. Ukitaka kukadiria asilimia fulani kwa uhakika wa asilimia 95, ukikubali kukosea pointi 5 za asilimia juu au chini, hesabu ni 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05², yaani 384, na unaipandisha hadi 385. (Ile 1.96 inatokana na uhakika wa asilimia 95, na 0.05 ndizo pointi 5. Ile 0.5 huwekwa kwa sababu ndiyo inayodai sampuli kubwa zaidi. Ukijua kiwango halisi kiko mbali na nusu, punguza sampuli.) Watu milioni 1, jibu ni hilo. Milioni 50, hilohilo. Walengwa 2,000, unahitaji 323. Walengwa wale 400, unahitaji 197, karibu nusu yao. Kanuni ya asilimia 10 inakosea kwa wadogo na kwa wakubwa, kila mmoja kwa upande wake.

Mtu wa maabara hachukui asilimia 10 ya damu yako. Angefanya hivyo angekutoa karibu nusu lita. Anachukua kidogo kwa sababu damu imechanganyika vizuri. Watu hawajachanganyika, na hapa ndipo wale walioikimbia asilimia 10 wanapoangukia sanamu nyingine: 384.

Namba hiyo ni ya watu waliochaguliwa mmojammoja kutoka orodha moja. Hakuna anayefanya kazi hivyo. Tunachagua kwanza mafungu ya watu, yaani klasta: vijiji, mitaa au vituo vya huduma, kisha kaya ndani yake, kwa sababu ya gari na mafuta. Watu wa klasta moja wanafanana: muuguzi ni yuleyule, barabara ileile, kisima kilekile. Mhojiwa wa ishirini wa kijiji kimoja anakuongezea habari kidogo tu juu ya zile za wa kwanza. Kwa hiyo sampuli huzidishwa kwa 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni wahojiwa kwa klasta na ρ ni kiwango cha kufanana. Ukihoji 20 kwa klasta na ρ ikiwa 0.05, unazidisha kwa 1.95: sampuli inafika karibu 750. Ukiamua kubana mafuta na kuhoji 40 kwa klasta, unazidisha kwa 2.95, na unahitaji zaidi ya 1,130. Kwa huduma ya maji mambo ni mabaya zaidi, maana kisima kikiwepo kijiji chote kina maji. ρ ikiwa 0.3, watu wako 384 katika klasta za watu 20 wana thamani ya watu 57. Ripoti itaandika 384 kwa herufi nzito.

Ndiyo maana sielewi mapenzi ya watu kwa ile mbinu ya kupima kiwango cha chanjo kwa klasta 30 zenye watoto 7 kila moja, iliyoenezwa na Shirika la Afya Duniani. Ilikuwa na hesabu yake: pointi 10 juu au chini zinahitaji watoto 96, zidisha kwa 2 kwa ajili ya klasta, unapata 192, ikakamilishwa kuwa 210. Inajibu swali moja kwa eneo zima. Ukiigawa kwa wilaya tano, kila moja inabaki na klasta sita na watoto 42, kisha mtu anapanga wilaya kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho! Isitoshe, kumpata mtoto wa kwanza kwa kuzungusha kalamu katikati ya kijiji kunazipendelea nyumba za katikati. Mwongozo mpya wa shirika hilo umeiacha njia hiyo na kudai kila kaya iwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa.

Kupima mabadiliko ni kazi nyingine. Kuona ongezeko kutoka asilimia 40 hadi 50, kwa nguvu ya kitakwimu (uwezekano wa kuliona badiliko kama lipo) ya asilimia 80, kunahitaji watu 384 kwa kila awamu, kabla na baada ya mradi. Ndiyo, 384 tena. Ni sadfa ya hesabu, na imewapotosha wengi. Kutoka 40 hadi 45 ni karibu 1,530 kwa kila awamu, kabla hujagusa klasta. Mradi unaoongeza pointi 5 ukipimwa kwa watu 400 utatangazwa kuwa haukuleta mabadiliko, na "hatukuona" itasomwa "hakuna".

Na yote haya ni bure ikiwa orodha ya vituo imetoka kwa mtekelezaji wa mradi, imepangwa vizuri na vituo vitatu vyenye barabara mbovu havimo. Ukiniuliza uhuru wa tathmini uko wapi, nitakuonyesha orodha. Omba iliyo kamili, pamoja na vituo vilivyofungwa. Linganisha na orodha ya serikali. Chagua kwa kompyuta, ukihifadhi namba ambayo kompyuta ilianzia uchaguzi wa nasibu ili mwingine aweze kurudia. Klasta za akiba zichaguliwe siku hiyohiyo, zisichaguliwe barabarani. Kaya ziorodheshwe na watu wengine, wahojaji waje baadaye. Mlango uliofungwa unarudiwa mara tatu kwa saa tofauti. Jirani si mbadala, kwa sababu anayeshinda nyumbani ndiye pia aliyepata muda wa kwenda kliniki.

Sasa lile ambalo vitabu vinalipitia kimyakimya: ρ tunaikisia. Tunaiazima kutoka utafiti wa zamani wa mahali pengine, juu ya kiashiria kingine, na mara nyingi sampuli imeshaamuliwa na bajeti kabla fomula haijaandikwa. Njia ya uaminifu ninayoifahamu ni kuigeuza hesabu. Fedha zinatosha klasta 30 za watu 10 kwa kila awamu? Kwa ρ ya 0.05, mabadiliko madogo kabisa yanayoweza kuonekana kuanzia asilimia 40 ni takriban pointi 14. Kwa ρ ya 0.1 ni karibu 16. Weka namba zote mbili kwenye ripoti ya awali, ile ya kabla ya kwenda uwandani. Na kama andiko la mradi liliahidi pointi 8, mfadhili aulizwe kabla ya kusaini mkataba: aongeze klasta, au tathmini hiyo isifanyike.