Nywele Hazishiki? Usikimbilie Kuongeza Moto

"Pasi yangu ya kukunjia nywele haina moto wa kutosha, mikunjo haidumu hata saa moja. Nitajie yenye moto mkali ninunue." Wateja wananiambia hivi saluni mara kwa mara, na mara nyingi nikizishika nywele za anayesema nakuta ncha zimepasuka na kugeuka rangi ya kutu. Dada wa watu anataka mawimbi mepesi ya sendofu ya mdogo wake, na kabla hata hatujaanza, nywele zimeshaungua.

Jamani, mkunjo haushikwi na moto. Unashikwa na kupoa. Ndani ya unywele kuna vifungo vya hidrojeni ambavyo joto huvilegeza, kama maji yanavyovilegeza. Vikishalegea, unywele unafuata umbo la chuma ulichouzungushia; ukipoa, vifungo vinajifunga upya, na umbo ulilo nalo wakati huo ndilo linalobaki. Sasa angalia wengi wanavyofanya nyumbani: wanakunja, wanaachia fungu lining'inie likiwa bado la moto, wanapitisha vidole papo hapo ili "kulegeza". Fungu linajivuta chini kwa uzito wake na kupoa likiwa limenyooka. Halafu lawama kwa pasi, na joto linapandishwa hadi nyuzi 230.

Kwa nywele nyingi, kati ya nyuzi 150 na 180 za Selsiasi panatosha. Zenye dawa, zenye rangi au nyembamba, bakia 150 au chini yake. Ukipita 200 unaanza kuharibu keratini yenyewe, ile protini inayojenga unywele, na hilo halirudi. Wenye nywele za asili wanalijua vizuri: unaosha kichwa, nywele zote zinajikunja, kasoro kishungi kimoja cha mbele kinachobaki kimenyooka kama uzi. Hakuna stimingi wala mafuta yatakayokirudisha. Hicho ni cha mkasi.

Fanya hivi. Chukua fungu lisilozidi upana wa silinda ya pasi, lizungushe, hesabu hadi nane, kisha chomoa pasi bila kuuvuta mkunjo. Upokee kiganjani ukiwa bado duara, uubane kichwani kwa kibanio. Endelea na fungu linalofuata. Ukimaliza kichwa kizima usiguse kitu. Nenda kapige pasi gauni lako. Ukirudi, gusa mikunjo kwa mgongo wa mkono, na kama kuna joto lolote, subiri. Ukifungua utaona imejibana kuliko ulivyotaka, na ndivyo inavyotakiwa. Hapo ndipo vidole vinapopita. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tuna shida ya ziada: unyevu wa hewani unalegeza vifungo vilevile, kwa hiyo mkunjo uliotoka nyumbani tayari ukiwa umelegea utafika ukumbini haupo.

Ndiyo maana nikiulizwa ninunue pasi ipi, jambo la kwanza ninaloangalia ni namba za joto. Iwe na nyuzi zinazoonekana, na iweze kushuka hadi 130 au chini ya hapo. Ya kuwasha na kuzima tu, iache dukani hata kama ni bei ya kutupa. Wasusi waliotumia chanuo la moto juu ya jiko la mkaa walikuwa wakilijaribu kwanza kwenye karatasi au kitambaa cheupe; kikiungua, wanasubiri. Walitaka kujua joto kabla ya kugusa kichwa cha mtu. Nawe una haki ya kulijua.

La pili linalonichosha: "Nataka mawimbi makubwa, basi silinda kubwa." Piga hesabu. Silinda ya milimita 38 mzunguko wake ni karibu sentimita 12. Nywele zenye urefu wa sentimita 18 zinaizunguka mara moja na nusu tu, kwa hiyo unachopata ni ncha zilizopinda. Ya milimita 25 inakula karibu sentimita 8 kwa mzunguko, na nywele hizohizo zinazunguka zaidi ya mara mbili. Nywele za kufika mabegani, chukua 25. Zilizopita mabega, 32. Hiyo ya 38 waachie wenye nywele za kufika katikati ya mgongo. Na kama unanunua moja tu, iwe 25, kwa sababu mkunjo mdogo unaweza kuulegeza kwa vidole, lakini uliolegea huwezi kuubana bila kuupasha tena. Ukiwa na pasi ya kunyooshea nyembamba yenye kingo za mviringo, usinunue chochote. Jifunze kuizungusha kwa mkono.

Pasi ya kauri au ya titani? Titani inapata moto haraka, haifai kwa anayejifunza. Kauri sawa, ila ikianza kubanduka na kuonyesha chuma chini yake, inakwaruza nywele. Itupe.

Mafuta ya nazi si kinga ya moto. Yasiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi. Tumia kinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ujue kwamba inapunguza madhara, haiyaondoi.

Nywele mbichi hazikunjwi kwa pasi. Ule mlio wa "chwii" ni maji yanayochemka ndani ya unywele na kuutoboa kwa mapovu ya mvuke.

Nywele za asili zilizojikunja sana zinyooshwe kwanza kwa draya ndipo zikunjwe, yaani zipigwe moto mara mbili. Mimi huwashauri wenye nywele hizo rola za sponji usiku kucha. Mawimbi yanatoka mazuri na kichwa hakijaona moto.

Kuna pasi wanazotumiwa watu na ndugu walioko Marekani. "Nimeweka adapta, itafanya kazi." Adapta inabadilisha meno ya plagi tu, haipunguzi umeme. Kule ni volti 120, Tanzania ni 230, Kenya 240. Pasi ya volti 120 peke yake ukiichomeka hapa inavuta nguvu zaidi ya mara tatu ya iliyokusudiwa, ikaungua yenyewe au ikaunguza nywele zako. Tafuta maandishi 100–240V kwenye mpini au kwenye plagi. Yasipokuwepo, usiichomeke.

Na wigi la plastiki usiliguse kwa pasi kama lebo haitaji nyuzi linazovumilia. Rasta tunazichovya kwenye maji ya moto zikashika umbo. Kwa nywele za plastiki za aina hiyo, joto la maji tu limetosha. Wigi lisilo na lebo lifunge rola, limwagie maji ya moto likiwa kwenye stendi, si kichwani, na ulifungue likishakauka kabisa.