Kuchomoa waya wa ardhi hakutengenezi spika

Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu ya mafundi wa sauti Nairobi unasema hivi: spika ikivuma, fungua plagi, chomoa waya wa kijani na njano (ndio waya wa ardhi), mvumo utaisha.

Mvumo huisha kweli, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Mara nyingi chanzo ni mikseta na spika kuchomekwa soketi zilizo mbalimbali, ardhi ikavifikia kwa njia mbili. Mkondo mdogo hupita kwenye waya wa sauti na kusikika kama mngurumo wa hezi 50. Ukikata waya wa ardhi umekata mzunguko huo, lakini umeondoa kinga pia. Umeme wa volti 240 ukigusa bodi ya chuma ya spika, hutaona dalili yoyote mpaka mtu aishike. Fyuzi ya ampea 13 haitamwokoa: sehemu ndogo tu ya ampea moja inatosha kuua.

Badala yake, lisha mikseta na spika kutoka chanzo kimoja cha umeme, tumia nyaya za XLR (za plagi ya pini tatu) zilizo balansi, yaani zinazofuta kelele ya njiani, au weka kisanduku cha DI (kinachounganisha chombo na mikseta) chenye swichi ya kutenganisha ardhi upande wa sauti.

Kupima kama waya wa ardhi bado upo ni rahisi. Chomoa plagi ukutani, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye skrubu ya bodi isiyo na rangi. Isizidi omu 1 hivi. (Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba havina waya huo tangu kiwandani.)

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.